Dole la Marehemu

Wosia ulisomwa sebuleni, Jumamosi saa nne asubuhi, na aliyeusoma alikuwa kaka mtu, ambaye ni mwalimu mkuu na hata nyumbani huitwa Mwalimu. Aliusoma kwa sauti ileile anayoitumia shuleni kuwataja waliofeli. Karatasi ilikuwa moja tu, imepigwa chapa upande mmoja. Nyumba na kiwanja chake viwe vya mwanangu wa kiume. Mke wangu akae humo mpaka mwisho wa uhai wake. Hapo Mwalimu akakohoa kidogo, akaendelea bila kuinua macho: "Huyu anayeshona nguo chumba cha mbele nilimlea kwa huruma. Si damu yangu. Hana haki ya kurithi chochote, na atoke ndani ya siku tisini."

Huyo anayeshona nguo alikuwa amekaa karibu na mlango, pini tatu mdomoni, kwa sababu aliitwa akiwa katikati ya kupinda suruali ya mtu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Baba yake ndiye aliyempa jina la Sindano utotoni kwa ajili ya wembamba, mtaa ukalidaka, na alipokuja kunenepa hakuna aliyejisumbua kumtafutia jingine. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake.

"Baba alisema hayo lini?"

"Tarehe hii hapa. Miezi minane kabla hajatutoka," Mwalimu alisema. "Na dole lake hili hapa. Mimi sijaongeza wala kupunguza neno, dada."

"Usiniite dada kama hayo unayoyasoma unayaamini."

Mama yao alikuwa kwenye kochi, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, anaangalia dirishani. Hakusema kitu. Sindano aliuchukulia ukimya huo kuwa ni uchungu wa mjane, akamwonea huruma. Huruma hiyo alikuja kuijutia sana.

Marehemu alikuwa mwashi. Wenzake walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma inayopima kama ukuta umesimama wima, kwani hakuwa anaondoka kazini bila kuitundika mara ya mwisho, hata kwenye kuta za mafundi wengine, jambo lililompatia maadui kadhaa. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa miaka kumi na mmoja. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Kwa miaka miwili aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza asipate vidonda alikuwa Sindano. Mwalimu alikuja kila Jumapili na gazeti, akalisoma mwenyewe, akaondoka nalo.

Sasa mtu uliyemgeuza kitandani miaka miwili anakuandikia kwamba wewe si damu yake! Nyumba ilimuuma, hilo halifichiki. Chumba cha mbele kilikuwa na meza yake ya kukatia, cherehani mbili, na wateja wa miaka kumi na tisa. Lakini kilichomnyima usingizi ni ile sentensi fupi. Akitoka humu nayo imemganda mgongoni, atajiita mtoto wa nani?

Jumatatu alikuwa kwa wakili, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Wakili alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na mafaili yake yalikuwa yamepangwa hadi chini ya kikombe cha chai. Aliisoma nakala ya wosia mara mbili huku akitafuna karanga.

"Mashahidi wawili," alisema. "Mmoja amekufa, mwingine ni fundi redio jirani yenu. Dole gumba la kushoto badala ya sahihi, kwa kuwa mkono wa kulia umepooza. Aliyeuandaa huu aliuliza watu wanaojua. Wewe una nini?"

"Hilo dole si la baba."

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho husema hivyo."

"Baba hakuwa na dole."

Wakili aliacha kutafuna.

Sindano akaeleza. Miaka sita nyuma alimsindikiza mzee kwenda kuandikishwa kitambulisho kipya, na mashine ikamkataa. Ofisa akafuta kioo, akampaka mzee mafuta vidoleni, akamwambia abonyeze kwa nguvu, kisha abonyeze taratibu. Mara tano, vidole vyote kumi. Kwenye skrini lilitokea doa tupu, laini kama mgongo wa kijiko. Miaka arobaini ya kushika saruji mbichi kwa mikono mitupu ilikuwa imeila mistari yote. Watu kwenye foleni wakaanza kucheka, mmoja akauliza kwa sauti kama mzee ni jini. Mtu aliyejenga nusu ya mtaa akabaki amesimama pale, mikono hewani kama mwizi. Njiani kurudi alisema jambo moja tu: "Nyumbani waambie mashine imeharibika." Sindano akawaambia hivyo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

"Kwa hiyo mama yako hajui hili. Wala kaka yako."

"Baba alikuwa mtu wa haya. Ninajua mimi tu."

"Basi na aliyeghushi hakujua," wakili alisema, akavua miwani aifute. "Angejua asingeweka dole zuri namna hii."

"Ni Mwalimu."

"Mimi sijasema hivyo."

"Nasema mimi."

Kesi ilisikilizwa kwenye chumba chenye feni mbili, moja inazunguka na nyingine inatazama. Fundi redio alipanda kizimbani amevaa koti lililombana, na wakili wa Sindano hakumzungusha.

"Ulimwona marehemu akiweka dole?"

"Karatasi ililetwa dukani kwangu ikiwa na dole tayari, mheshimiwa. Niliambiwa mgonjwa amelala, asisumbuliwe."

"Nani aliileta?"

Fundi redio alimtazama Mwalimu kwa jicho la kuomba radhi. "Huyo hapo. Na mimi nilikuwa na redio ya mtu mapajani, nikasaini juu yake, nikaendelea na kazi."

Watu wakaguna. Wakili akatoa barua ya ofisi ya vitambulisho: mwombaji, mwashi, vidole kumi, alama hazisomeki. Hakimu alikuwa mwanamume mkavu anayeandika kila neno kwa mkono wake mwenyewe, polepole, kana kwamba kalamu ni ya kuazima. Aliisoma barua, akaagiza wosia upelekwe kwa mtaalamu wa alama za vidole.

Mwalimu alimfuata dada yake koridoni amefura.

"Unanifanya mghushi mbele ya halaiki? Mimi ninayefundisha watoto wa watu uaminifu?"

"Karatasi ilikuwa mkononi mwako. Nimshuku nani, fundi redio?"

"Nilifanya alichotaka baba!" alisema, mate yakamruka. Akampa kisogo na kushuka ngazi mbili mbili. Sindano alimwangalia akiondoka, na akafurahi. Ilikuwa furaha mbaya, aliijua kuwa ni mbaya, na hakuifukuza.

Wiki zilizofuata aliendelea kumpikia Mama uji asubuhi na kumkandia magoti. Mtu akimtazama hawezi kujua kama ana kesi. Siku moja Mama alishika kikombe bila kunywa.

"Iache hii kesi, mwanangu. Mji mzima unatuchambua. Nitaongea na kaka yako akuachie chumba mpaka mwaka uishe."

"Sidai chumba, Mama. Ameandika mimi si mtoto wa baba. Kama si wa baba, wewe ulinitoa wapi? Huoni kwamba wa kwanza kupakwa matope ni wewe?"

Mama akauma mdomo. Kisha akasema uji una moto.

Taarifa ya mtaalamu ilirudi ikiwa na picha kubwa ya lile dole, kubwa kama sinia, mistari yake imepangika kama matuta ya shamba. Wakili aliitandaza mezani juu ya mafaili.

"Marehemu hayumo kabisa," alisema. "Na utamu zaidi huu hapa. Mwenye dole ana kovu, limekata kutoka pembeni mwa ukucha hadi katikati. Keshokutwa naomba mahakama impime kaka yako. Atakuwa hana pa kujificha."

Sindano aliinama. Kovu lile alikuwa analijua kuliko uso wake mwenyewe. Lilimfuta machozi, lilimkagua chawa, lilimpima homa kwenye paji la uso. Nyumbani lilikuwa na hadithi yake: Sindano mchanga analia njaa, Mama anafungua kopo la maziwa kwa kisu, kisu kinateleza. "Meno huna na umenitia kovu," Mama alizoea kumtania, wakacheka wote. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza kwa nini mtoto wa mama mzima wa afya alinyweshwa maziwa ya kopo, wakati Mwalimu, kama kila mtu alivyojua na kumcheka, alinyonya mpaka akawa anakimbia.

"Unamtambua?" wakili aliuliza.

"Hapana," Sindano alijibu. Aliomba maji, na glasi ikamgonga meno.

Alimkuta Mama chumbani kwake, mchana ule ule, amekaa ukingoni mwa kitanda cha chuma na sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Nipe mkono wa kushoto, Mama."

Mama aliutazama mchele kidogo. Kisha akaunyoosha mkono, kiganja juu, bila kuuliza wa nini. Kutouliza kwake kulitosha. Lakini Sindano aliushika hata hivyo, akalisugua lile kovu kwa kidole chake, kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Kaka yako hajui. Nilimpa karatasi ina dole, nikamwambia baba yenu ameweka kwa mkono wake mwenyewe."

"Kwa nini uandike kwamba mimi si wa baba?"

"Wewe ni wa baba yako." Mama alirudisha mkono wake kwenye mchele. "Ila si wangu."

Sindano alikaa chini sakafuni, maana hakukuwa na kiti.

"Kulikuwa na mwanamke anawapikia mafundi kwenye jengo," Mama alisema. "Baba yako alikuleta una siku tisa, amekuviringisha kwenye koti lake la kazi, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi zako. Yule mwanamke kaondoka, akasema, na hajui kaelekea wapi. Mwalimu alikuwa na miaka minne. Nikamwambia, nitamlea. Ila siku utakapomtaja huyo mama yake ndani ya nyumba hii, nitakuaibisha mbele ya watu. Akaapa. Na kiapo akakishika miaka arobaini, sitamsingizia."

"Halafu?"

"Halafu akapooza, ulimi ukalegea. Ulipokuwa unamwogesha, alikuwa anakuita nani?"

Sindano alikumbuka. Mzee alikuwa akimwita kwa jina la mwanamke, lilelile kila mara, huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo uliomtii. Yeye alidhani ni maradhi yanayosema. Hakutaka kumbishia mgonjwa, akawa anaitika tu.

"Ukawa unaitika," Mama alisema. "Mimi niko nyuma ya ukuta nakunja mashuka yake, namsikia anamwita, na wewe unaitika. Kila siku, miaka miwili. Mpaka siku moja akaniambia, kwa maneno yake ya kutafunatafuna, nyumba apewe Sindano, ndiye anayenigeuza. Nyumba niliyoibebea maji kichwani na mimba tumboni! Nikaona, mimi nimefua, nimepika, nimenyamaza, na mwisho wa yote mwenye nyumba anakuwa yule mpishi."

"Ungeandika ukweli basi."

"Ukweli ungekupa haki. Mtoto wa nje naye anarithi kwa baba, niliuliza. Na watu wangejua nililea uzinzi wa mume wangu kwa maziwa ya kopo. Nikaona bora wewe uwe huna kwenu."

Alilisema hilo bila ukali, kama anayeeleza alivyopanga vyombo kabatini. Sindano alitamani apige kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto, akajichukia kwayo.

"Hukunipenda, Mama?"

"Ziko siku nilikupenda kuliko huyo niliyemzaa. Halafu unasimama, unatembea kama yule mwanamke, nakuchukia mpaka chakula kinanishinda. Usiniulize zaidi ya hapo."

Sindano alimchukia naye. Alimchukia waziwazi, kwa mara ya kwanza maishani, na wakati huohuo akaona macho ya bibi yule yamechoka na mchele umebaki nusu. Alilivuta sinia, akaumalizia kuuchambua, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama alijilaza, akageukia ukutani.

Asubuhi ya kesi alimshika wakili mkono nje ya mlango wa mahakama.

"Omba wosia ufutwe, yaishe. Dole ni la nani, tusitafute."

Wakili alimtazama juu ya miwani. "Umeshamjua."

"Omba hivyo tu, nakusihi."

Wakili aliomba hivyo, na mambo yangekwisha. Hakimu alikuwa ameshafungua ukurasa mpya wa daftari lake. Ni Mwalimu aliyesimama, kidole hewani kama yuko gwarideni.

"Mheshimiwa, mimi nimeitwa mghushi kwenye korido za mahakama hii. Siwezi kurudi mbele ya wanafunzi wangu na doa hilo. Nipimwe! Na si mimi peke yangu, tupimwe nyumba nzima, mimi, yeye, hata mama yetu, ili mwongo ajulikane leo."

Mtu akiwa na hakika ya usafi wake hana breki. Hakimu alilipenda wazo hilo. Karani akaleta kibweta cha wino na karatasi nyeupe, na Mwalimu akabonyeza vidole vyake vyote kumi, akipangusa kila kimoja kwa leso, mtu mwenye furaha kuliko wote mle ndani. Kisha karani akamwita mjane.

Mama aliinuka. Alikuwa mbali na meza hatua saba au nane, na magoti yake hayakuwa ya kuharakisha. Sindano alihesabu hatua mbili, akasimama.

"Mheshimiwa, naondoa pingamizi langu."

Wakili akamvuta sketi, asijali.

"Unaelewa unachosema?" hakimu aliuliza. "Ukiondoa pingamizi, wosia unabaki. Utatoka kwenye nyumba. Na itabaki imeandikwa, kwenye jalada la mahakama, kwamba wewe si mtoto wa marehemu."

"Naelewa."

"Kuna mtu amekutisha?"

"Hakuna. Nimechoka tu, mheshimiwa. Naomba mama yangu aruhusiwe akakae."

Alitoa kila alichokuwa nacho, na alikitoa kwa moyo mmoja. Alimtazama Mama ili aone kama kimepokelewa. Mama alikuwa amefika mezani. Aliangalia kile kibweta, akamwangalia Sindano, na usoni mwake hakukuwa na shukrani hata chembe. Kulikuwa na hasira ya mtu anayebebwa asipotaka.

"Asiondoe chochote," Mama alisema. "Sitaki kubebwa na huyu. Dole ni langu."

Akalitumbukiza kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi nyeupe mbele ya kila mtu. Mwalimu akakaa, leso yenye wino bado mkononi.

Hakimu aligonga meza watu watulie. Akaamuru mjane aapishwe, ili maneno yake yaingie kwenye jalada sawasawa. Karani, kijana wa mahakama aliyekwisha kuapisha maelfu, alimsomea kiapo bila kutazama karatasi, kisha akashika kalamu.

"Umri?"

"Sabini na moja."

"Kazi?"

"Ya nyumbani."

"Uhusiano wako na mleta pingamizi?"

Swali hilo Mama alikuwa amelijibu maisha yake yote: shuleni siku ya kumwandikisha, hospitalini alipolazwa na surua, mbele ya mtu yeyote aliyeuliza. Hajawahi kusita. Sasa alisita, na Sindano akasogea mbele kwenye kiti chake.

"Mjane wa baba yake," Mama alisema.

Karani aliinua kichwa. "Yaani mama mzazi, au mama mlezi? Niandike kipi?"

"Andika nilivyosema."

Akaandika. Wakili alimshika Sindano mkono chini ya meza na kuubana, anatetemeka kwa furaha. "Umesikia? Baba yake, amesema. Chini ya kiapo! Fungu lako la nyumba unalo, na jina ni lako. Tumeshinda."

Sindano aliita, "Mama."

Aliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka jikoni. Mwalimu aligeuka. Karani akageuka, na hakimu akaacha kuandika. Mama aliendelea kufuta wino kwenye dole lake kwa ncha ya mtandio, akimsubiri karani amuulize swali linalofuata.